Mbuzi wa Kavugho

Mbuzi walilia katikati ya ubeti wa tatu, na Zacharie akaizima redio ya kaseti kwa hasira. Ilikuwa mara ya nne asubuhi hiyo. Waimbaji wake watano wakashusha pumzi, wimbo wa arusi ukabaki umekatika njiani.

"Élise, tazama ni nini."

Élise, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alichungulia uani, akarudi. "Kaka, muzee moja iko inje na mbuzi. Anasema ni za Kavugho."

Hasira ikamtoka Zacharie. Kavugho ndiye bibi arusi wa kule Kamango, na wimbo wake ndio huo uliokuwa ukirekodiwa. Baba wa binti, mwuza kahawa, aliahidi kulipa kwa mbuzi, maana noti za wakati ule wa vita hakuna aliyeziamini. Kumbe amelipa kabla wimbo haujaisha! Wateja wa namna hiyo Zacharie alikuwa hajawaona tangu vita vianze.

"Ni mingi?"

"Parsele imejaa, uwa yote mpaka ku ugo."

"Donc kahawa imelipa. Umwambie aksanti."

"Anataka akuone na macho. Anasema ni neno ya kusema na weye mwenyewe, hapana na mutu mwingine."

Neno hilo Zacharie alidhani analijua. Wazee walioagiza wimbo walizoea kurudi dakika ya mwisho na jina la shangazi aliyesahauliwa, ati liingizwe kwenye kiitikio.

"Mais niko mu kazi! Umwambie nimezipokea na mikono mbili. Aende na amani."

Mzee hakwenda. Alikaa juu ya jiwe, kofia magotini, akiutazama mlango mpaka jua likapita utosini. Mwishowe aliwafunga mbuzi mmoja mmoja kwenye ugo, akaondoka bila kuaga.

Kazi ilipoisha, Zacharie alitoka kuwatazama mbuzi wake, na hapo akamkumbuka mkewe, Godelive. Tuseme kweli: hakuwa amemsahau. Alikuwa amemweka kando tu, kama alivyomweka kando miaka sita ya ndoa yao. Vita havikuwazuia watu kuoana, viliwaharakisha, na kila arusi toka Lubero mpaka Eringeti ilitaka wimbo wa Zacharie. Siku risasi zilipolia hapa kwao Butembo, yeye alikuwa mbali, akiwaimbia maharusi wa watu. Godelive alikimbia peke yake, godoro kichwani, mimba ya miezi mitano tumboni. Alifika kwa wazazi wake Bungulu, kule Beni, bila mimba ile.

Tangu siku hiyo aliandika barua moja. "Kuja weye mwenyewe. Usitume mutu, usitume kaseti." Zacharie akaahidi Jumapili. Jumapili ikaja na arusi, iliyofuata ikaja na sherehe ya padri mpya, na miezi minne ikapita hivyo hivyo. Barua alitembea nayo mfukoni mpaka mikunjo yake ikachanika.

Sasa alisimama katikati ya mbuzi hao wote, na moyo ukamuuma. Mabinti wa watu walikuwa wakiolewa kwa nyimbo zake, na yeye alikuwa anajipikia chai mwenyewe. Alijionea haya.

"Élise," alisema, "arusi ya Eringeti mukaimbe bila miye. Naenda kutwaa bibi yangu."

Kulipokucha alimchinja mbuzi aliyenona kuliko wote, akafunga paja zima kwenye majani ya mgomba kwa ajili ya wakwe, akatia gitaa mgongoni, akapanda lori la Beni. Kwenye kizuizi cha mwisho askari walitaka nyama. Nyama ile ilikuwa ya Godelive. Zacharie, ambaye hakuwahi kumwachia mtu gitaa lake hata kwa dakika moja, alilivua mgongoni.

"Mukamate hii," akawaambia.

Alipoingia kwenye ua wa wakwe, alijipangusa vumbi kama bwana arusi. Baba mkwe, mzee Salomon, alikuwa amekaa kizingitini. Jikoni mtu alikuwa akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Zacharie alipiga goti, akaliweka lile fungu mbele ya mzee.

"Baba, nimekosa. Kazi nimeiacha. Nimekuja kutwaa Godelive, na nimewaletea nyama kidogo."

Kutwanga kulikoma. Salomon alifunua majani, akalitazama lile paja kwa muda mrefu.

"Mukwe, hii mbuzi umeitosha wapi?"

"Kwangu, Baba. Jana nililetewa mingi, malipo ya wimbo. Ya Kavugho moja wa Kamango."

"Na umechinja."

"Nimechinja, Baba. Ile ya kunona."

Mzee alirudisha majani juu ya nyama, polepole, kama mtu anayefunika uso wa marehemu.

"Weye unamuita Godelive, jina alibatizwa na padiri, sababu inapendeza mu nyimbo. Siye tulimuzaa, tukamuita Kavugho; hiyo jina umeisahau. Ni yeye alisema tukurudishie mbuzi za mahari. Alisema: akizikatala, narudi kwake. Jana alifunga mizigo yake, akaikalia pa barabara tangu asubuhi, mpaka ndugu yangu akashuka mu lori, bila hata mbuzi moja."