Ugomvi wa Kunong'ona

Shemeji yake Fidelia alisimamisha trekta kwenye maua ya njano, hatua chache kutoka kwenye mizinga ya magogo ya nyuki.

"Fidelia, toka hapo," alifoka. "Nafyeka magugu haya. Ng'ombe wangu wanataka majani, hawali maua."

"Punguza sauti." Kijijini kwao hakuna anayegomba mbele ya nyuki hawa, wakisikia ugomvi wanahama.

Shemeji akacheka. "Nyuki wenyewe hata kuuma hawajui."

Nyuki mmoja alitoka kwenye maua, akatua mkononi mwa Fidelia, miguu ya nyuma imejaa chavua. Akaruka hadi kwenye gogo. Nyuki mlinzi aliyeziba tundu la gogo kwa kichwa chake akarudi nyuma, akampisha.

Shemeji akawasha trekta. Fidelia akaketi mbele ya gurudumu, panga magotini, akasema neno kwa sauti ya chini.

"Unasemaje?"

Midomo yake ikacheza tena, taratibu vilevile. Ikambidi shemeji azime injini, ashuke, ainame mpaka sikio lake likaribie kinywa cha Fidelia.

"Hao hawaumi, shemeji," alinong'ona. "Mimi nauma."