Kilo Mbili na Robo

Kadi ya kliniki ilikuwa imefungwa ndani ya kanga tatu, ya nje mpya, ya ndani imechakaa mpaka maandishi yake hayasomeki. Mwaisha aliifungua polepole juu ya meza ya Mwalimu Eustace, kama mtu afunguaye kidonda.

Mwalimu alikuwa ameisubiri kwa wiki tatu. Mara Mwaisha alisema imeliwa na mchwa, mara imebaki kwa bibi kule mlimani. Mwalimu alidhani anaogopa kumwachia mtoto aende mbali, na hakumlaumu. Amebaki naye mmoja tu.

Chuo cha Marekani kilimtaka binti wa Mwaisha kwa mbio zake za mita elfu moja na mia tano. Lakini chuo hakichukui miguu peke yake, Mwalimu alimwambia hivyo tangu kidato cha kwanza. Kinataka Kiingereza, Hesabu, sayansi, kila somo na alama yake, miaka minne bila kuruka hata mmoja. Na vyeti vyote, kuanzia cha kuzaliwa, vinatakiwa kufika kabla ya Ijumaa. Vingine vilikuwa tayari. Kilibaki hicho cha kuzaliwa, na bila kadi ya kliniki hakipatikani.

Hesabu ndiyo iliyomtesa. Binti alikuwa mzito wa hesabu, mzito hasa. Alifanya maswali kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko huku akimenya njegere za mama za kupeleka sokoni. Akikosea anafuta kwa kitambaa kibichi, anaanza tena, mpaka ukuta ukawa mweusi kama sufuria. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Hesabu ilikuwa C. Mwaisha alilia siku hiyo mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba.

Pale kijijini Mlali habari zao zilijulikana kama Mwaisha mwenyewe alivyozisimulia alipohamia. Kwamba alikuwa na mabinti wawili waliosoma darasa moja, kwa kuwa mkubwa, Shamimu, alichelewa kuanza shule. Kwamba Shamimu alifeli mtihani wa darasa la saba, na Desemba hiyohiyo malaria ikamchukua. Mdogo, Raya, alichaguliwa kwenda sekondari, na Januari akaingia kidato cha kwanza.

Mama huyu hakumwita mtoto kwa jina. "Mwanangu" tu, asubuhi mpaka jioni. Wanariadha wenzake binti walimtania uwanjani, akikaribia kuwashinda wanampigia kelele, "Mwanangu, mama anakuita!"

Mwezi uliopita walipanda mlimani kumuaga bibi mzaa mama, Mwalimu akiwa nao. Binti alipiga magoti akaamkia. Bibi, ambaye macho yake yameshaingia ukungu, akampapasa paji la uso, kidevu, akateremka mpaka kwenye kovu la uji wa moto mkononi.

"Marahaba, Shamimu wangu," akasema.

Binti akainamisha kichwa, hakumsahihisha. Mwalimu akamnong'oneza Mwaisha kwamba wazee ndivyo walivyo, aliyetangulia haondoki akilini. Mwaisha akatoka, akaelekea makaburi ya ukoo chini ya migomba, kung'oa majani juu ya kaburi moja fupi.

Sasa Mwalimu aliiinua kadi kwenye mwanga.

"Kilo mbili na robo," akasoma, akacheka. Akaufuata kwa kidole mstari wa uzito, mwezi kwa mwezi, ukitambaa chini kabisa kama sisimizi asiyejua kupanda. Kisha akachungulia dirishani. Binti alikuwa ameegemeza mguu kwenye ukingo wa kisima, ananyoosha misuli, paja kama mchi wa kinu. "Ndiye huyu? Mama Raya, ulikuja kumlisha nini?"

"Alikuwa hali," Mwaisha alisema. "Alikuwa hali kabisa, Mwalimu."

Wakaenda mjini siku hiyohiyo, kwenye ofisi ya vizazi na vifo. Mwaisha aliomba binti akae nje kwenye benchi. Karani aliitwa Bernadeta, mwanamke wa makamo, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa uzi. Aliandika jina, kijiji na mwaka kwenye kompyuta, akatazama, akafuta, akaandika upya. Mwaisha alikuwa akizivuta nyuzi za ncha ya kanga, midomo inamchezacheza kwa dua.

"Raya Hafidhi, mama yake Mwaisha," Bernadeta akasema. "Tunaye."

Mwalimu akashusha pumzi.

Bernadeta hakuchapa kitu. Aliivua miwani, akamtazama Mwaisha, na sauti yake ikashuka. "Ila mama, hospitali ilishatuletea taarifa ya kifo chake. Desemba, mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Pole sana."

Mwalimu akasema hapana, wamechanganya na dada yake. Akasema mtoto yuko hapo nje, mzima, alama zote ni zake, yeye mwenyewe amemsimamia, hata hiyo C ya Hesabu ni ya jasho lake. Alisema hivi na vile mpaka maneno yakamwishia.

Mwaisha aliifunga kadi ndani ya kanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatoka mpaka mlangoni. Binti alikuwa ameshasimama, amekumbatia bahasha ya vyeti kifuani, anausoma uso wa mama yake.

"Shamimu," mama akamwita, "twende nyumbani."