Fundo la Kisogoni

Mtandio ulimteleza Siwema kwenye korido ya mahakama, akajaribu kuurudisha kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulibaki kwenye mashine ya kuchambua pamba. Wakili wa kiwanda alidai kwamba siku ile mtandio wake ulikuwa umelegea, ukanaswa, naye akaufuata kwa mkono. Kuhusu kifuniko cha meno ya mashine, kilichong'olewa tangu masika, hakusema neno.

Pale kiwandani hakuna mwanamke anayejifunga mtandio mwenyewe. Kabla mashine haijawashwa, mwenzako ndiye anayekufunga kisogoni, na fundo likifunguka, lawama ni zake. Aliyemfunga Siwema miaka yote alikuwa Kuruthumu, ambaye leo alikaa benchi la nyuma pale koridoni, shahidi wa kiwanda, aje kusema fundo lililegea, maana kazi yake bado anaihitaji.

Mtandio uliteleza tena. Siwema akasikia viatu vikija nyuma yake.

"Inamisha kichwa, shoga," Kuruthumu alisema taratibu.

Akainamisha. Vidole vile alivijua. Vilikunja pindo, vikapitisha ncha, vikavuta mara mbili kama vilivyozoea.

"Limekaza?"

"Limekaza," Siwema alijibu. "Kama siku ile."

Vidole vikatulia. Mlangoni karani akaita jina la Kuruthumu, kisha akaliita tena. Siwema alisubiri kusikia viatu vikiondoka. Alichosikia ni pumzi ya mwenzake shingoni, na mikono miwili bado imelishika fundo.