Kitundu cha Mvuke

Mashine ya kahawa ilinyamaza ghafla, nami nikajua binti yangu Ange kuna kitu amefanya.

Ni mashine ya shaba yenye mpini mrefu wa kukandamiza kwa mkono. Bosi wa Ange, mwenye mgahawa, alimwachia kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa. Ikichemka juu ya jiko la mkaa, kitundu cha juu hutoa mvuke kwa kelele kama nyoka. Kelele ile niliichukia, lakini nilipoisikia moyo ulitulia, maana nilijua mvuke unapata pa kutokea.

Nikaingia jikoni. Kitundu kilikuwa kimezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mara tatu, kama tunavyofunga bomba linalovuja.

“Ange, umefunga nini hapo?”

“Mvuke ulikuwa unapotea bure, mama. Leo ndiyo utaona povu!”

Aliinama, kidevu juu kabisa ya mpini. Mpira ulikuwa umevimba kama koo la chura.

“Mwanangu, rudi nyuma. Taratibu. Achana na hiyo kahawa.”

“Mama nawe! Unaogopa hata birika?” Akacheka, akaushika mpini kwa mikono miwili.

Ninyi wenye mashine hizi nyumbani, kitundu kile msikizibe. Nilikuwa nimebakiza hatua mbili tu kumfikia, mashine ilipolipuka.