Mafiga Chini ya Kaburi

Jembe la Kibwana liligonga jiwe lenye masizi. Akapangusa udongo kwa kiganja: lilikuwa figa, na kando yake la pili.

La tatu lilikuwa ng'ambo ya ufa uliopasua kaburi, chini zaidi, kama urefu wa goti. Mstari wa majivu nao ulikatika hapohapo, ukaendelea huko chini. Watu waliwahi kupika hapa, kisha ardhi ikakatika na upande mmoja ukashuka na jiko lao.

Akapitisha kidole kwenye ufa. Mwamba ulikuwa laini, umesuguliwa kama jiwe la kusagia.

"Mwanandani wa kumlaza bado?" mwenyekiti wa kijiji aliuliza kutoka juu.

Mama yake Kibwana alikuwa maiti wa kwanza tangu malori ya Operesheni ya serikali yawahamishie wanakijiji hapa, chini ya milima ya Dindira.

"Nileteeni gogo la mgomba," Kibwana alisema.

Gogo huzikwa kwenye kaburi lililochimbwa likakosa maiti, kaburi lisije likadai mtu mwingine.

"Ardhi hii inashuka. Mama namrudisha mahameni, kule tulikohamishwa."

"Nyumba za kule zimechomwa, ndugu. Harudi mtu," mwenyekiti alisema.

Kibwana akapanda juu. Nyasi zote zilikuwa zimekauka, isipokuwa ukanda mwembamba wa kijani ulioufuata ufa, ukanyooka mpaka kwenye safu ya nyumba mpya na kupita chini yake. Kwenye ngazi za milango watoto walikuwa wamekaa wakinywa uji.

"Nikate mgomba mmoja?" aliuliza kijana mmoja aliyeshika panga kando ya migomba.

Kibwana alizitazama zile nyumba zilizokaa juu ya ufa, moja baada ya nyingine, kama anayehesabu makaburi.

"Kata yote."