Nyumba ya Paka wa Flavia

Paka wa Flavia walikuwa wameondoka tena, wote watano, na dagaa kwenye bakuli hawakuguswa.

Alois, seremala, alisimama mlangoni, msumeno begani. Nyuma yake kijiji kipya kilinyooka mstari mmoja, nyumba kando ya nyumba kama meno ya chanuo. Ilikuwa Oktoba, mwaka wa sabini na nne. Kwa amri ya serikali kila mtu alikuwa amehamishwa kwa lori, paka nao ndani ya kapu. Watu walikaa. Paka walikaa siku mbili, kisha wakashika njia ya zamani ya wapagazi, maili nne hadi mahame, kijiji chao cha zamani, kwenye nyumba aliyozaliwa Flavia. Walikuwa wakipotea huko siku tatu, wanarudi wamenona, halafu wanaondoka tena.

"Panya wa mahame," Alois alisema. "Huko sasa ni karamu tupu."

Flavia aliinua bakuli la dagaa sakafuni. Alikuwa mjane wa miaka thelathini hivi, na kabla ya kuhama kicheko chake kilisikika hadi kisimani. Siku hizi macho yake yalikuwa mekundu, na kila asubuhi pindo la kitenge chake lilinasa mbegu za nyasi. Aliishi peke yake. Baba yake, Mzee Tobias, aliyepofuka zamani, kwa maelezo ya Flavia alipelekwa mjini Isevya kwa dada yake siku chache kabla ya malori kufika.

"Kaka Alois, nijengee humu kitu kitakachowafanya wasitoke," alisema. "Wewe ulifanya kazi ghala la misheni. Unawajua paka."

"Paka hapendi mtu, dada. Anapenda nyumba."

"Najua. Ukimtoa alikozoea, umemuua." Akageuza uso. "Lakini Shomari ameanza kuwaangalia."

Shomari alikuwa mgambo wa kijiji. Juzi tu, mbele ya ofisi, alisema kwa sauti ya wote kusikia, "Ndugu Flavia, paka wako ndio wapinzani wetu wa mwisho. Siku moja nitawafuata nione huko wanakula nini." Watu walicheka. Flavia aliangusha ndoo ya maji.

Na wengine hawakucheka. Mjane, paka watano, macho mekundu: neno lenyewe lilikuwa halijatamkwa, ila lilikuwa limeshaanza kupita mlango hadi mlango. Alois alilijua neno hilo. Lilimfukuza mama yake mdogo kijijini kwao na jembe moja mkononi.

Kwa hiyo alijenga. Siku nne alipiga randa kama anayejenga nyumba yake mwenyewe. Alipachika rafu chini kidogo ya paa, maana paka hutulia akiona bila kuonekana. Akalaza ubao mwembamba toka rafu hadi dirishani. Akatoboa tundu chini ya ukuta wa nyuma, kwani mnyama asiye na mlango wa pili halali usingizi. Akaweka sanduku lenye giza, gogo la mninga la kunolea kucha, na majivu kwenye pembe ya mbali, kwa sababu paka hali karibu na choo chake.

Paka waliporudi walinusa kila kitu. Mmoja akapanda rafuni, akakunja miguu, akafumba macho. Flavia alimshika Alois mkono, akakawia kuuachia.

Siku ya tatu rafu ilikuwa tupu.

Alois alimkuta Flavia ameketi chini, analia kilio ambacho mtu hamlilii paka. "Watafuatwa," alisema. "Kaka Alois, safari hii watafuatwa."

Usiku ule Alois hakupata usingizi kwa kumwonea huruma. Asubuhi, Flavia alipokwenda na wenzake shamba la kijiji, Alois alichukua gunia na bakuli la dagaa akaenda kwa Shomari. Kurudi mahame kulikatazwa, na yeye hakutaka kosa. Angewaleta paka, awafungie wiki nzima wazoee, na minong'ono ingekufa.

"Ruhusa umepata," Shomari alisema, akichukua bunduki yake. "Na mimi nakuja. Mwenyekiti anataka nyumba zilizobaki huko zichomwe kabla ya mvua, watu wakome kutazama nyuma."

Walishika njia ya wapagazi. Jua lilikuwa kali, na mahame hayakuwa na hata jogoo. Nyumba zote zilikuwa zimeanguka isipokuwa moja, msonge wa kina Flavia, paa lake la nyasi limekauka kama karatasi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa nje. Uwanja ulikuwa safi. Alois aliutazama uwanja ule kidogo, akasema moyoni kwamba ni upepo.

Akapiga magoti, akagonga bakuli la dagaa kwa kidole, taratibu, asiwashtue.

Paka walitoka chini ya mlango mmoja mmoja. Wanne waliingia guniani bila vurugu. Wa tano alikawia. Alipotoka alikuwa akijilamba uji kwenye masharubu, na Alois, kwa furaha ya kumkamata, alimfutia kwa kidole gumba.

"Wote?" Shomari alinong'ona.

"Wote watano. Ndani hamna kitu tena."

Alifunga gunia, akawaza jinsi Flavia atakavyocheka jioni. Shomari alizunguka upande wa upepo, akawasha kiberiti. Nyasi hazikuhitaji kubembelezwa. Moto ulipanda ukilia kama mvua, ukafika kileleni kabla Alois hajasimama, na kamba ya mlangoni ikaanza kufuka moshi.

Ndipo sauti ya mzee aliyeamka usingizini ikatoka mle ndani, pole, bila hofu yoyote:

"Flavia, mwanangu, leo umewahi kuwasha moto."