Mashine ya Kufungulia Nati

Kufika duka la tatu, Julieth alianza kumgombeza muuzaji kabla hata hajamsalimia.

"Wewe kaka, hiyo mashine inafungua nati, au mmeiweka kupambia rafu?"

Imakulata, mama yake, uso ulimshuka kwa aibu. Lakini muuzaji, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi, hakukasirika.

"Shikamoo, mama," alisema kwanza.

"Marahaba, baba."

Ndipo akamgeukia Julieth. "Inafungua, dada. Inategemea tu nati ya gari gani."

Tangu baba yake afariki, Julieth ndiye aliyeshika gereji yao ndogo pale Isevya. Nati za malori ya tumbaku alizifungua kwa spana iliyorefushwa kwa bomba, akining'inia mzima mzima mpaka zilegee. Imakulata aliporudi kutoka Ipole, anakokaa wiki mbili kila akifuata asali, alimkuta binti anajikanda bega. Akasema basi. Asali ya safari hii itanunua mashine ya betri.

Alikuwa na jambo la pili moyoni. Julieth ametimiza miaka ishirini na tisa. Wachumba wawili aliowaleta mwenyewe, Imakulata aliwakataa hata soda hawajamaliza. Mtoto anayeshinda chini ya magari atajulia wapi kuchagua mume? Hiyo ni kazi ya mama.

Duka la kwanza waliwaonesha namba kubwa kwenye boksi, wakaapa kwamba mashine yao inafungua hata reli. Duka la pili walikataa kuijaribu. Walisema ikishatoka kwenye boksi imenunuliwa. Huyu wa tatu alichomeka betri bila kuombwa, akawatoa nje kwenye ekseli chakavu yenye nati zilizoshikwa na kutu.

"Namba ya kwenye boksi msiiamini sana," alisema. "Hiyo ni betri mpya, imejaa. Gerejini hesabuni nusu."

"Kwa hiyo mnauza uongo."

"Uongo umeandikwa kiwandani, dada. Mimi nakupa ukweli."

Imakulata alikohoa kuficha kicheko.

Kijana akaweka mashine mbili juu ya meza. "Hii kubwa, nati za Fuso ni mchezo kwake. Lakini nzito. Ulale chini ya gari, uinyanyue juu nusu saa, bega hilo litazidi kuuma. Chukua hii ndogo, ya nusu inchi. Noah, Hiace, Canter, zote inazimudu. Nati ya Fuso ikigoma, ilegeze kwa bomba kwanza, mashine imalizie."

"Muuzaji gani anamsukumia mteja ya bei ndogo?"

"Anayetaka arudi."

Akamwekea mashine kwenye mkono wa kushoto. Julieth ni wa mashoto, na wala hakuulizwa. Imakulata aliliona hilo. Kijana ana macho, alijisemea.

Mashine ikanguruma. Nati ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Midomo ya Julieth ilitaka kucheka, akaibana. "Ina kelele," alisema.

"Na kukaza je?" Imakulata aliuliza. Nati hazikumhusu, alitaka kumsikia tena akiongea.

"Aanze kwa vidole, mama. Mashine ikaze kidogo tu, amalizie kwa spana ya mkono. Akiiachia ikaze yenyewe, itakata bolti."

Mpole, mkweli, hana haraka. Imakulata akavuta kiti, akaketi.

"Unaitwa nani, baba?"

"Emilian, mama."

"Unasali wapi?"

"Mimi Mkatoliki."

"Na mama watoto haoni ubaya unavyoshinda dukani hivi?"

"Sijaoa, mama."

"Nani atamtaka," Julieth alidakia, "na domo hilo?"

"Julieth!"

Walilipia ile ndogo. Kijana alipoifunga kwenye boksi, Imakulata aliinua chaja, akaigeuza huku na huku kama aliyeokota kitu porini. Alijua vizuri inavyochomekwa.

"Hii sasa ndiyo sitaielewa kamwe. Jumapili baada ya misa, njoo nyumbani utuoneshe. Uliza kwa mama Julieth, hapo Isevya. Utakula kwetu."

Emilian alimtazama Julieth kama mtu anayeogopa kofi. "Dada asije akanifukuza."

"Nyumba ni yangu," alisema Imakulata.

Njia nzima Julieth alilalamika. Muuzaji gani yule, anajifanya anajua kila kitu. Kwa nini wamkaribishe mtu asiyejulikana? Imakulata alitembea mbele na boksi lake kichwani, amejaa raha. Ataletewa mume mpaka mezani, na hatajua ameletwa na nani.

"Utamzoea," alisema tu.

Jumapili alichinja jogoo. Julieth, kwa hasira zake, alikuwa amevaa gauni jipya na kusuka nywele.

Wali ulikuwa unakauka jikoni iliposikika hodi ya kiume langoni. Hapo ndipo Imakulata alipokumbuka kwamba Askari hajafungwa. Askari alikuwa mbwa wao, na hakuwa na masihara: msoma mita alishaacha nusu ya suruali kwake, na hata katekista alisali nao akiwa nje ya uzio.

"Usiingie, baba!" alipiga kelele, akatimua mbio na mwiko mkononi. "Simama hapo hapo! Mbwa mkali!"

Alipozunguka kona ya nyumba, Emilian alikuwa ameshaingia, amechuchumaa mchangani. Na Askari alikuwa amelala chali mbele yake, miguu yote juu, mkia ukifagia vumbi, akikunwa tumbo kama na mtu wa nyumbani. Imakulata akakumbuka ule mkono wa kushoto, na zile wiki mbili mbili anazokaa Ipole.